Nina Njaa ni "Ho Fame": Kujifunza Kiitaliano Ukiwa Kericho au Bomet

Jioni moja kwenye kituo cha kukusanyia majani, tukingoja lori la kiwanda, nilimkuta binti wa jirani yangu ameketi juu ya gunia, daftari mapajani. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Italia, na alikuwa akijifundisha lugha kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Juu ya ukurasa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Io sono fame." Alikusudia kusema kwamba ana njaa, lakini alichoandika ni "mimi ni njaa". Nikamwomba aitamke sentensi hiyo kwa Kiswahili kwanza. Akasema, "Nina njaa." Nikamwambia, basi andika hivyo hivyo: "Ho fame." Neno "ho" ni nina, na "fame" ni njaa. Akalitazama daftari kwa muda, kisha akasema, "Kumbe kitabu ndicho kilichonipoteza."

Kitabu hakikuwa kibaya. Tatizo ni kwamba vitabu vingi na programu nyingi za simu za kufundisha Kiitaliano zimetungwa kwa ajili ya mtu ambaye lugha yake ni Kiingereza, na mtu huyo ana matatizo ambayo wewe msomaji wa Litein, Sotik au Kapkatet huna. Wewe umesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza. Umechoshwa na mazoezi ya ngeli na upatanisho wa kisarufi, yaani namna maneno ya sentensi moja yanavyofuatana kwa viambishi. Mazoezi hayo ndiyo yatakayokubeba. Soma maelezo ya kitabu kwa Kiingereza ikiwa ndicho ulichonacho, lakini ulinganishe kila kanuni na Kiswahili.

Nani anakihitaji Kiitaliano huku kwetu kwenye chai? Wengi kuliko unavyodhani. Mapadri, masista na waseminari wa Jimbo Katoliki la Kericho wanaotumwa kusoma Roma hufundishwa kwa Kiitaliano katika vyuo vingi vya Kipapa. Wakimbiaji wetu wamekuwa wakienda Italia kwa miaka mingi. Moses Tanui alikimbia nusu marathoni mjini Milano mwaka 1993 kwa dakika 59 na sekunde 47, akawa mtu wa kwanza kuimaliza mbio hiyo chini ya saa moja, na Faith Kipyegon aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Firenze tarehe 2 Juni 2023. Wapo vijana wanaotafuta kazi ya hoteli Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamekaa kwa miongo mingi. Wapo pia walioolewa au kuoa kule. Hata wewe usiye na safari, ukipanda matatu kutoka Bomet kwenda Nairobi kupitia Narok, utapita kando ya kikanisa kidogo cha mawe karibu na Mai Mahiu. Kilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ile.

Je, itakuchukua muda gani? Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo hufundisha maafisa wake lugha kabla ya kuwatuma nje, huweka Kiitaliano katika kundi la lugha nyepesi kwa mtu wa Kiingereza: takriban wiki 24 za masomo ya kutwa. Kiswahili huwekewa wiki 36. Maana yake ni kwamba lugha ambayo wao wanaiona ngumu zaidi wewe tayari unayo. Kwa mtu anayechuma chai au kufundisha kutwa na kupata nusu saa tu jioni, nakadiria miezi minne au mitano kufikia mahali pa kujitambulisha, kununua vitu na kuuliza njia. Kusoma chuoni kwa Kiitaliano ni kazi ya zaidi ya mwaka.

Anza na sauti, na hapa una bahati kubwa. Irabu za Kiitaliano ni a, e, i, o, u, na kwa kuanzia zitamke kama za Kiswahili. Mwingereza huhangaika nazo kwa miezi. Wewe soma tu: "banana", "vino", "luna", "mare". Mkazo pia huangukia mara nyingi silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Ukiangukia silabi ya mwisho, neno huwekewa alama: "città" ni mji, "caffè" ni kahawa. Maneno machache huvuta mkazo nyuma zaidi, kama "telefono", linalosomwa te-LE-fo-no, na "sabato", yaani Jumamosi, SA-ba-to. Hayo utayazoea kwa kusikiliza.

Konsonanti ndizo zenye mitego, na mtego wa kwanza uko katika majina yetu wenyewe. Katika Kiitaliano, "ch" husomwa k. Muitaliano akiona jina Cherono kwenye karatasi ya mashindano ataita "Kerono". Chebet atakuwa "Kebet", na mji wetu utakuwa "Keriko". Kinyume chake, herufi c peke yake ikifuatwa na e au i ndiyo hutoa sauti yetu ya ch: "cena", chakula cha jioni, husomwa chena, na "ciao" ni chao. C ikifuatwa na a, o au u ni k: "casa", nyumba, ni kaza au kasa kutegemea eneo. Herufi g nayo hufuata njia hiyo. "Giorno", siku, ni jorno, lakini "gatto", paka, ni gatto. "Sc" mbele ya e au i ni sh: "pesce", samaki, ni peshe. "Gn" ni ny yetu, kwa hiyo "montagna", mlima, ni montanya. Herufi h haisikiki kabisa, ndiyo maana "ho" husomwa o. Andika kanuni hizi kwenye kipande cha karatasi ukibandike ukutani, kwa sababu baada ya wiki mbili utaweza kusoma kwa sauti ukurasa wowote wa Kiitaliano hata kabla ya kujua maana yake.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Kiingereza havitakuambia kwa sababu havikujui. Wengi wetu ambao lugha ya kwanza ni Kipsigis huchanganya k na g, p na b, t na d, kwa sababu katika lugha ya nyumbani jozi hizo hazitenganishi maana. Katika Kiitaliano zinatenganisha. "Cara" ni mpendwa wa kike, "gara" ni mashindano. "Bere" ni kunywa, "pere" ni matunda ya peasi. Mkimbiaji anayezungumza na mwandaaji wa mbio anahitaji kulitamka neno "gara" sawasawa. Fanya hivi: weka kiganja mbele ya mdomo, sema "bere" na "pere" mara 20 ukijirekodi kwenye simu, kisha jisikilize. Usione haya. Kila lugha ya kwanza huacha alama yake ulimini, na alama hiyo hupungua kwa mazoezi.

Jambo lingine la sauti ni konsonanti maradufu. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. "Pala" ni koleo, "palla" ni mpira. "Nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. Unaposema "sette", shikilia ile t kidogo kabla ya kuiachia, kana kwamba umesita. Wazungumzaji wa Kipsigis wana sikio zuri hapa, kwa kuwa lugha yetu hutofautisha irabu fupi na ndefu. Urefu ni ule ule, ila umehamia kwenye konsonanti. Kuwa mwangalifu hasa na neno "anno", mwaka. Likitamkwa kwa n moja hugeuka kuwa neno la aibu la sehemu ya mwili, na "anno" utalihitaji kila unapotaja umri.

Sasa tuingie kwenye nomino, yaani majina ya watu na vitu. Kila nomino ya Kiitaliano ni ya kiume au ya kike, hata ya kitu kisicho na uhai. Hili humshangaza Mwingereza. Wewe umezoea kwamba kitabu kina ngeli yake na mti una ngeli yake, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kiswahili kina ngeli nyingi, Kiitaliano kina makundi mawili tu. Nomino inayoishia na -o kwa kawaida ni ya kiume, na wingi wake huishia na -i: "libro" ni kitabu, "libri" ni vitabu. Inayoishia na -a kwa kawaida ni ya kike, na wingi wake ni -e: "casa" ni nyumba moja, "case" ni nyumba nyingi. Inayoishia na -e inaweza kuwa ya upande wowote, na wingi wake ni -i: "fiore" ni ua, "fiori" ni maua.

Ukitaka kulikumbuka hilo, fikiria majina ya kwetu. Kiprono ni mvulana, Cherono ni msichana, na wote walizaliwa jioni mbuzi wanaporudi zizini. Kibet na Chebet ni wa mchana, Kipkemoi na Chepkemoi ni wa usiku. Sisi tunaonyesha jinsia mwanzoni mwa jina, Muitaliano anaonyesha mwishoni: "amico" ni rafiki wa kiume, "amica" ni rafiki wa kike. Najua utaniambia kwamba Timothy Cheruiyot, bingwa wa dunia wa mita 1,500 wa mwaka 2019, ni mwanamume ingawa jina lake linaanza na Che. Ni kweli, na Kiitaliano nacho kina akina Cheruiyot wake. "Mano", mkono, huishia na -o lakini ni ya kike. "Problema", tatizo, huishia na -a lakini ni ya kiume. "Radio" na "foto" ni za kike. Majina hayo si mengi, na dawa yake ni kutojifunza nomino ikiwa peke yake. Iandike daima pamoja na kijineno chake cha mbele.

Kijineno hicho ni kipi? Ni neno fupi linalotangulia nomino na kuonyesha kwamba kitu kinachosemwa kinajulikana. Kiswahili hakina, na hapa ndipo Kiingereza kinakusaidia kweli, kwa sababu kina "the". Tofauti ni kwamba cha Kiitaliano hubadilika. Kwa kiume ni "il", wingi "i": "il libro, i libri". Kwa kike ni "la", wingi "le": "la casa, le case". Nomino ya kiume ikianza na z, au na s inayofuatwa na konsonanti nyingine, hutumia "lo", wingi "gli": "lo studente, gli studenti". Nomino ikianza na irabu, "lo" na "la" hufupishwa kuwa "l'": "l'amico, l'amica". Katika wingi, "l'amico" huwa "gli amici" na "l'amica" huwa "le amiche". Kwa mwezi wa kwanza zishike "il" na "la" kwa nguvu, hizo nyingine zitafuata.

Sasa tazama vivumishi, yaani maneno ya kueleza sifa. Katika Kiingereza sifa hutangulia na haibadiliki. Kiswahili huiweka nyuma na kuipatanisha: kitabu kipya, vitabu vipya. Kiitaliano kwa kawaida hufanya vivyo hivyo: "libro nuovo, libri nuovi, casa nuova, case nuove". Chukua msemo unaoujua hata ukiwa usingizini, ule wa kuchuma majani mawili na chipukizi. Kwa Kiitaliano ni "due foglie e un germoglio". "Foglia" ni jani, husomwa kama folya, na "foglie" ni majani. Ongeza sifa ya ulaini: "due foglie tenere e un germoglio tenero", majani mawili mororo na chipukizi jororo. Unaona "tenere" ikifuata "foglie" na "tenero" ikifuata "germoglio", kama vile m- na j- zinavyofuata ngeli kwetu. Kesho ukiwa shambani, rudia sentensi hiyo kila unapotupa majani kikapuni. Sijui zoezi lililo jepesi kuliko hilo, na halina gharama.

Vitenzi vina alama inayotaja mtendaji, na hapa ndugu yetu wa Kiingereza anabaki nyuma kabisa. Kwa Kiswahili tunasema nazungumza, unazungumza, anazungumza, tunazungumza, mnazungumza, wanazungumza. Hatuhitaji kutamka "mimi" na "wewe" kila mara, kwa sababu kiambishi cha mwanzo kimekwisha kusema. Muitaliano anayo mambo hayo hayo, ila ameyaweka mkiani: "parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano". Kwa hiyo "nazungumza Kiitaliano" ni "parlo italiano". Ukisema "io parlo" kila mara, utasikika kama mtu anayesema "mimi nazungumza, mimi nakunywa, mimi naenda", kana kwamba unabishana. Tumia "io" pale tu ambapo kwa Kiswahili ungesisitiza "mimi".

Vitenzi hugawanyika katika makundi matatu kufuatana na mwisho wake: -are kama "parlare", kuzungumza, -ere kama "leggere", kusoma, na -ire kama "dormire", kulala. Anza na kundi la kwanza, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Ukijua vizuri "parlare", utaweza pia "lavorare", kufanya kazi, "mangiare", kula, "comprare", kununua, na "abitare", kukaa mahali. "Abito a Bomet e lavoro a Kericho" ni nakaa Bomet na nafanya kazi Kericho.

Kuna vitenzi viwili ambavyo huna budi kuvikariri, maana havifuati kanuni na hutumika kila dakika. "Essere", kuwa, huenda hivi: "sono, sei, è, siamo, siete, sono". "Avere", kuwa na, huenda hivi: "ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno". Hapa turudi kwa binti wa jirani. Muitaliano, kama Mswahili, ana njaa, ana kiu, ana usingizi, ana haraka na ana woga: "ho fame, ho sete, ho sonno, ho fretta, ho paura". Hata umri anao. Ukiulizwa miaka, jibu "ho vent'anni", nina miaka 20. Mwingereza husema yeye "ni" miaka 20, na akihamisha hivyo kwenda Kiitaliano huchekwa. Wewe tafsiri kutoka Kiswahili moja kwa moja, utakuwa salama.

Kukanusha ni rahisi: weka "non" mbele ya kitenzi. "Non parlo inglese", sizungumzi Kiingereza. Kuuliza ni rahisi zaidi. Pandisha sauti mwishoni kama kwa Kiswahili: "Parli italiano?" Unazungumza Kiitaliano? Usitafute neno la kujaza nafasi ya lile "do" la Kiingereza, maana halipo.

Wakati uliopita huundwa kwa maneno mawili. Kwa vitenzi vingi chukua "avere" na umbo la kitenzi linaloishia na -ato, -uto au -ito: "ho mangiato", nilikula, "ho dormito", nililala. Kwa vitenzi vya kwenda, kuja, kufika na kuzaliwa chukua "essere", na hapo mwisho wa kitenzi hupatana na mtendaji. "Kiprono è andato a Roma", lakini "Cherono è andata a Roma". Cherono na Chebet wakienda pamoja, "sono andate". Vipo vilivyopinda, kama "ho fatto", nilifanya, "ho detto", nilisema, na "ho visto", niliona. Vikariri vitano vitano.

Vihusishi, yaani vijineno kama katika, kwa na kutoka, vina utata wake, lakini visikuzuie mwanzoni. Kwenda mjini ni "a", kwenda nchini ni "in": "vado a Roma, vado in Italia". Hiyo inatosha kwa sasa.

Heshima haiwezi kungoja. Sisi hatumsalimu mzee kama tunavyomsalimu mwenzetu, na Waitaliano pia wana mipaka. "Tu", yaani wewe, ni kwa rafiki, mtoto na ndugu. Kwa mtu mzima usiyemjua, daktari, karani wa ubalozi au padri, tumia "Lei", na kitenzi kiwe cha nafsi ya tatu, kana kwamba unamsema mtu mwingine: "Lei parla inglese?" "Ciao" mwachie rika lako. Ukiingia ofisini mchana sema "buongiorno", jioni "buonasera", na uongeze "signora" kwa mama au "signore" kwa mzee. Mtu aliyelelewa huku kwetu hatapata taabu kulielewa hilo.

Jihadhari na maneno yanayofanana na ya Kiingereza lakini maana ni nyingine. Kwetu sisi la kwanza ni "fattoria". Wengi hudhani ni kiwanda cha chai, kumbe ni shamba lenye mifugo na mazao. Kiwanda ni "fabbrica". "Parenti" ni jamaa, wazazi ni "genitori". "Libreria" ni duka la vitabu, maktaba ni "biblioteca". "Camera" ni chumba, si chombo cha kupigia picha. "Caldo" ni moto, si baridi, kwa hiyo bomba la bafuni lenye herufi C ndilo la maji ya moto, na lenye F ndilo la baridi. Usiifungue C ukidhani utapata maji ya kunywa.

Saa nayo ina mtego, na mtego huu unatoka kwa Kiswahili chenyewe. "Alle sette" ni saa inayosomwa 7 kwenye simu, yaani kwetu saa moja. Ukiambiwa miadi ni "alle nove" ukafika saa tisa za Kiswahili, utakuta ofisi imekwisha kufunga au inakaribia kufunga. Kwa saa, fikiri kama Kiingereza. Kwa mazoezi ya nambari soma rekodi ya Firenze kwa sauti: "tre minuti, quarantanove secondi e undici centesimi", dakika 3, sekunde 49 na sehemu 11 za mia. Ukiweza hiyo bila kusita, nambari umezishika.

Ujifunzie wapi, na kwa pesa ngapi? Daftari na kalamu havizidi shilingi 200. Programu ya Duolingo ina kozi ya Kiitaliano isiyolipiwa, ikiwa utavumilia matangazo. Chuo cha Wellesley cha Marekani kimeweka kozi ya Kiitaliano kwenye jukwaa la edX, na waweza kuifuata bure usipohitaji cheti. Pakua masomo mahali penye mtandao usiolipiwa, kisha usome nyumbani bila kumaliza bando. Ninachokipenda kuliko vyote ni tovuti ya Vatican News, kwa kuwa ina ukurasa wa Kiswahili na wa Kiitaliano. Soma habari ya Papa kwa Kiswahili kwanza, kisha utafute habari hiyo hiyo kwa Kiitaliano. Utashangaa utakavyoyatambua maneno. Aliye na Biblia ya Kiswahili afanye vivyo hivyo na ya Kiitaliano kwenye simu, akianza na simulizi anazozijua tangu utotoni.

Ukihitaji mwalimu, uliza Taasisi ya Utamaduni wa Italia iliyoko Nairobi. Ada hupangwa kwa ngazi na hubadilika, kwa hiyo uliza bei ya sasa kabla ya kusafiri, na uulize pia kama wana madarasa ya mtandaoni, kwani kutoka Kericho hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200 na nauli ya kwenda na kurudi kila wiki itakushinda. Padri au sista aliyesoma Roma naye ni mwalimu wa karibu. Mwendee kwa adabu, umwombe saa moja baada ya misa ya Jumapili, na ufike na maswali yaliyoandikwa.

Ujue pia kiwango unachokihitaji kabla hujatumia fedha. Ulaya hupima lugha kwa ngazi sita, kuanzia A1 ya mwanzo hadi C2 ya juu kabisa. Kusoma digrii inayofundishwa kwa Kiitaliano kwa kawaida hudai B2, na maombi ya awali hupitia tovuti iitwayo Universitaly. Digrii zinazofundishwa kwa Kiingereza hazidai Kiitaliano, ingawa utakihitaji dukani na hospitalini. Kibali cha kukaa muda mrefu hudai A2. Uraia kwa ndoa au kwa kukaa kule hudai B1, tangu mwisho wa mwaka 2018. Miongoni mwa mitihani inayotambuliwa ni CILS ya Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, CELI ya kile cha Perugia, na PLIDA ya Shirika la Dante Alighieri. Mtu akikuahidi cheti cha lugha bila mtihani, akitaka umtumie pesa kwa simu, usimpe hata shilingi. Cheti cha namna hiyo hakitapita ubalozini, na kitakuharibia jina.

Mitihani ya CILS hufanyika hasa Juni na Desemba, na usajili hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Anayepanga kuondoka Septemba afanye ule wa Juni, kwa maana akiukosa, unaofuata utamkuta masomo yamekwisha kuanza.